Hondohondo wa Nyuma ya Nyumba

Baba alipofariki, Mama alikaa eda katika nyumba yetu ya Kinondo, miezi minne na siku kumi bila kuvuka ua. Mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa nafua mashuka katika hoteli moja ya Diani na kurudi nyumbani kila jioni.

Nyuma ya ua palikuwa na mvule wenye tundu. Hondohondo jike aliingia humo kutaga, akaziba mlango kwa udongo na kinyesi, akabakisha ufa mwembamba. Mumewe alimletea matunda. Kutoka chumbani kwake Mama alisikia midomo yao ikigongana, na hilo lilimliwaza kidogo.

Siku moja yule dume alijigonga kwenye nyaya za umeme akaanguka uani, amekufa.

"Mwanangu," Mama aliniambia nilipoingia, hata shikamoo yangu hakuiitikia, "yule mle ndani atalishwa na nani?"

Nilimwita jirani yetu, anayewatembeza wageni msituni. Nilidhani jike angevunja udongo atoke. Jirani aliukunjua ubawa wa dume mbele yetu. Karibu na ngozi yalikuwapo manyoya laini ya malaika, ya kutunza joto. Juu yake manyoya mafupi, yamelaliana kama makuti ya paa. Kisha yale marefu, magumu, ya kurukia. Aliuchana unyoya mmoja kwa kucha, akaupangusa, ukashikana tena. Alisema nyuzi zake zina vikulabu vidogo visivyoonekana kwa macho.

"Ndege wengi huyabadilisha haya machache machache, wasikose kuruka," alisema. "Huyu jike akishajifungia huyapukutisha karibu yote, ya mbawa na ya mkia. Akitoka leo, mbwa watamla."

Basi nikawa napanda ngazi alfajiri na jioni na vipande vya papai. Mdomo ulikuja kwenye ufa ukachukua. Nikishuka, Mama huuliza, "Amekula?" Nikisema amekula, ndipo naye hula.

Kisha mwenzangu kazini aliugua, nikaambiwa nilale hotelini siku tatu. Nilikubali upesi. Ningeweza kumpigia jirani simu; sikumpigia. Kusema kweli nilikuwa nimeichoka nyumba ile, ukimya wake, na lile swali. Mama alinipigia mara mbili. Sikupokea.

Niliporudi, ufa ulikuwa kimya. Nilibomoa udongo. Jike alikuwa amekufa juu ya manyoya yake mwenyewe, chini yake mayai mawili ya baridi. Mbawani manyoya mapya yalikuwa yamechomoza nusu kidole, bado yamo ndani ya ala zake, yamejaa damu, ncha zikianza tu kufunguka.

Niliingia kwa Mama nikiwa nimeshanawa mikono.

"Ameruka, Mama. Nimekuta tundu wazi."

Mama aliuliza, "Kwa mbawa gani?"

Nilijipangusa mikono kwenye kanga.

"Siku ya kwanza aligonga kutwa," alisema. "Nilimwita jirani, alikuwa amesafiri. Ya pili akagonga tena. Nikafunga dirisha."

Eda ilipokwisha, Mama alihamia chumba cha mbele, nami nikapewa kile chake. Mchana wa siku zangu za mapumziko hujilaza humo na dirisha wazi. Ule mvule hauna kitu. Hata hivyo nasikia kugonga, polepole, na sijawahi kumuuliza Mama kama naye anasikia.