Mstari Mmoja Hadi Msalato

Enzi za Mdachi, reli ilipokwisha kufika Dodoma, nilikuwa tarishi wa stesheni. Bwana Mdachi aliyesimamia njia ya reli alinipa baiskeli ya kupelekea barua kwa wafanyakazi wake, mara nyingine mpaka Bahi. Mji mzima haukuwa na nyingine. Masharti yake yalikuwa mawili: niipande kwa kazi tu, na jioni niirudishe bandani. Hilo la pili nililishika.

Baadaye maisha yalinipeleka Dar es Salaam, nikaona vijana wakiendesha baiskeli huku wakipiga soga na kutazama wasichana, nikawacheka moyoni. Ugogoni wasingefika mbali. Kule ardhi imejaa mbigili, na ukitoka nje ya njia kidogo tu, mpira umekwisha. Kwa hiyo nilipokwenda mahali nilichagua pasafi, na wakati wa kurudi nilikanyaga alama yangu ileile, gurudumu juu ya mstari wake, bila kupotoka. Huo ulikuwa ufundi wangu na nilijivuna nao kupita kiasi. Watu walidhani nimepewa dawa.

Dada yangu alikuwa ameolewa Msalato. Alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka tangu homa ya baada ya uzazi. Mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja mwekundu. Ng'ombe wengine wa shemeji yangu walikuwa madume mawili tu, maana ukame ulikuwa umewamaliza wenzao. Jumapili moja, bwana akiwa amelala, nikaitoa baiskeli nikaenda kumwona mtoto.

Shemeji akanisalimu kwa Kigogo, kwa utani wake. "Mbukwenyi, mwenye punda wa chuma! Amekula nini leo?"

"Amekula njia, shemeji."

Nilikula ugali na mlenda, nikambeba mtoto, nikarudi juu ya mstari wangu. Jioni baiskeli ilikuwa bandani. Asubuhi haikuwapo.

Bwana alitoa amri, na jumbe akaleta mzee mmoja mfuata nyayo za mifugo, mtu ambaye hakuwahi kupoteza ng'ombe wa mtu. Pale stesheni ardhi ilikuwa imevurugwa na miguu ya wapagazi, lakini pembeni mwa mji akaona mstari wa gurudumu unaelekea kaskazini. Akainama, akaanza kuufuata. Askari wawili wakamfuata yeye, nami nikaamriwa kwenda ili niitambue baiskeli. Tangu hatua ya kwanza nilijua tunakwenda wapi.

Kwa Wagogo, nyayo za mali iliyoibwa zikifika kwako, unatakiwa kuonyesha zilipotokea kwenda mbele. Ukishindwa, unalipa, hata kama mwizi humjui. Mfuata nyayo alizunguka tembe la shemeji na zizi lake, akazunguka tena. Alama ya kuingia aliiona. Ya kutoka hakuiona, kwa sababu niliizika kwa ufundi wangu mwenyewe.

"Imeingia hapa," akasema. "Onyesha ilipotokea."

Shemeji hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Neno moja tu lilitakiwa: jana nilikuja, ni alama yangu. Lakini neno hilo lilikuwa na viboko ishirini na vitano nyuma yake na kazi kupotea, na askari aliyenishika bega alikuwa na kiboko chenyewe mkononi. Nikafungua mdomo. Shemeji akaniwahi.

"Nyayo zimeishia kwangu," akasema. "Nitalipa."

Alitoa dume. Askari wakacheka, wakamfungua ng'ombe mwekundu, wakamswaga kwenda boma la serikali. Dada alikuwa mlangoni na mtoto kifuani, na mimi, Mungu anisamehe, nilichokisikia wakati ule kilikuwa nafuu. Mgongo wangu umepona. Niliona aibu baadaye, si pale.

Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Huyu hakufikisha hata kumi. Alikuwa mpakiaji wa mizigo pale stesheni, aliiingiza baiskeli katika behewa la bidhaa usiku uleule, akakamatwa akiiuza Kilosa. Baiskeli ikarudi, bwana akafurahi, akanikabidhi tena. Hakuna aliyemkumbuka ng'ombe. Kumdai kulikuwa rahisi, isipokuwa bwana angeuliza swali moja: basi ule mstari wa Msalato aliupiga nani?

Nilikwenda kwa dada kwa miguu. Shemeji alinisalimu vizuri, akatoka kwenda kuchunga madume yake. Mtoto alikuwa amekonda, shingo haishiki kichwa. Walikuwa wakimpa uji wa uwele mwepesi, naye akiutema.

"Tuliwaona tangu mbali," dada akasema. "Tulimwona yule mzee ameinama juu ya njia yako, tukafahamu. Mume wangu akaniuliza, tumtaje ndugu yako au tulipe? Mimi ndiye niliyesema tulipe."

Akampangusa mtoto uji kidevuni.

"Sikujua watamchukua yule mwekundu. Sasa huyu akilia, najiuliza nilimchagua nani."

Alimhamishia mtoto bega la pili. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonivunja. Angenitukana ningepumua.

"Nasikia baiskeli imepatikana," akasema. "Ng'ombe wetu angali hai pale bomani? Kama angali hai, niambie. Kesho nitakwenda mwenyewe kwa huyo Mdachi nimweleze kila kitu. Wewe watakupiga, ndugu yangu, lakini utapona. Huyu atanifia."

Alisubiri. Alikuwa ananiomba ruhusa, dada yangu mkubwa aliyenilea mgongoni mwake.

"Wamekwisha kumchinja," nikasema.

Asubuhi ile, nikitoka mjini, nilikuwa nimepita kando ya zizi la boma. Alikuwa amelala kivulini, anacheua.