Dole Lisilofutwa

Wakili huyu wa wosia na hati za nyumba ana kiti kimoja tu mbele ya meza yake, cha mzee mwenye mali, na ole wake mtoto wa mzee atakayekikalia. "Hicho si chako, baba. Simama ukutani." Akiuliza swali humtazama mzee; mtoto akidakia, wakili hulirudia neno kwa neno mpaka mzee ajibu kwa kinywa chake. Dole gumba likishawekwa kwenye karatasi, yeye mwenyewe hulipangusa wino kwa pamba na spiriti, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kazi hiyo hamwachii karani.

Leo mwanamume mmoja ameingia na mama yake, akaibwaga mezani hati ya kumpa yeye nyumba. Dole lilikuwepo tayari. "Tunataka muhuri tu, mheshimiwa. Mama kachoka." Wakili hakuigusa hati. Aliushika mkono wa mama, akaugeuza. Wino ulikuwa haujakauka.

"Dole hili umeliweka wapi, mama?"

"Kwenye gari. Kaniambia ni karatasi za hospitali."

Wakili alifura. Mama, kwa aibu, akanyoosha mkono kuchukua pamba ajifute. Wakili akaivuta chupa ya spiriti, akaifungia kwenye droo.

"Mheshimiwa, huyu ni mama yangu mzazi!"

"Ungekuwa kibaka wa sokoni ningekuelewa. Toka nje! Hati inabaki hapa." Kisha akainama, sauti ikashuka. "Leo usifute, mama. Twende kwa hakimu, akauone wino huu hivyo hivyo."