Mpima Ardhi Aliyengoja Disemba

Siku yangu ya kwanza kazini nilishikishwa mnyororo. Ninyi vijana mnaopima kwa setilaiti hamuujui: ni mnyororo hasa, wa chuma, unaovutwa na watu wawili kupima umbali. Tulikuwa Mabogini, matope ya mpunga yamenifika magotini, na kiatu changu kimoja kimebaki huko hadi leo. Bosi wangu, Mpima wa Wilaya, alisimama juu ya tuta, suruali imenyooka. "Kaza, kijana! Ukilegeza, kuna mtu anaibiwa ardhi."

Mabogini kazi ilikwenda. Nilipohamishiwa Uru, huko juu kwenye migomba na kahawa, ikakwama. Kila kihamba, yaani shamba la ukoo, nilipofika na bikoni zangu, zile nguzo fupi za zege za kuonyesha kona, niliambiwa, "Mpima, ngoja Disemba, watoto wote wapande nyumbani." Disemba wanapanda kweli, toka Dar, toka Mwanza. Wanachinja, mbege, ile pombe ya ndizi, inanywewa, wajukuu wanabatizwa. Nani aharibu sikukuu kwa habari za mpaka? Januari wanashuka, na faili langu halina sahihi hata moja.

Nikamlalamikia bosi kwamba watu wa mlimani ni wavivu. Alicheka hadi akakohoa. "Wavivu? Watu wanaoamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe? Aisee, hao wanaogopa. Mpaka ukishapimwa, itajulikana ndugu yupi alikuwa anakula cha mwenzake. Bora waendelee kunyamaza." Nikayaandika kwenye daftari, nikajiona nimeshawaelewa watu wote. Mjinga mimi.

Baba alipofariki, kihamba chetu, maana nami ni mtu wa mlimani, juu kidogo ya Kwa Sadala, nilikigawa mimi mwenyewe. Nani mwingine, na mpima yupo nyumbani? Mdogo wangu, Aminieli, ndiye aliyenishikia ncha ya utepe, akiniamini. Mfereji wa maji ulikuwa upande wake. Nikasogeza bikoni hatua nne, mfereji ukaangukia kwangu. Aliona, akakunja utepe, akanirudishia. Tangu hapo alinipa shikamoo ya njiani tu, na kahawa yake ikamwagiliwa kwa ndoo alizobeba mkewe kichwani.

Kwetu dawa ya jambo kama hilo ipo. Unachuma jani la isale, lile linalopandwa mipakani, unampelekea uliyemkosea, naye hawezi kulikataa, lazima akusamehe. Hawezi kabisa! Sasa mimi nilikuwa naogopa nini? Niliogopa kutamka. Mimi, mpima wa serikali, niseme mbele ya shemeji kwamba nilimwibia mumewe maji? Kila Disemba nilichuma isale, nikaliweka juu ya kabati, nikasema wageni ni wengi, acha wapungue. Wakipungua, kazi zimebana. Jani likikauka, nalitupa.

Nikastaafu. Mke wangu akatangulia mbele ya haki. Watoto wako Dar, wananipigia simu Jumapili. Mtu wa kunywa naye chai alibaki mmoja tu, ng'ambo ya mfereji, umbali ambao sihitaji mnyororo kuupima. Jioni nilimsikia akikohoa. Nawaambieni, niliumia, na bado nikasema kesho.

Mwaka jana, siku ya kawaida tu, mvua inanyesha, nilivuka. Shemeji alinipokea mlangoni, akaliona jani mkononi mwangu, akaanza kulia. "Umechelewa, shemeji. Siku hizi hajui mtu." Nilikuwa nimesikia kwamba anasahausahau, sikujua ni kiasi hicho.

Aminieli alikuwa jikoni karibu na moto, blanketi mabegani. "Shikamoo, mzee. Karibu," akasema, kwa adabu anayopewa mgeni. Nikapiga magoti, nikampa isale. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Limetoka kwa nani?"

Hata hapo, ulimi ulinishinda. "Kwa kaka yako," nikasema. "Alisogeza bikoni. Alikuibia mfereji."

Alilipapasa lile jani. "Mbona hajaja mwenyewe?"

"Anaona aibu."

"Aibu ya nini? Mwambie aje tu. Mimi sina neno naye." Akamgeukia mkewe. "Mama, mpe mgeni chai."

Juma lile nikamwita mpima kijana wa ofisini. Bikoni ilirudi mahali pake asubuhi moja, kabla ya chai ya saa nne. Asubuhi moja! Maji sasa yanakwenda kwa Aminieli. Nami nakwenda kila siku, naketi naye karibu na moto, namwambia, "Aminieli, ni mimi, ni mimi kaka yako." Neno lenyewe nimelitamka sasa, mara nyingi sana. Anatabasamu, ananisogezea kikombe, halafu ananiuliza kama njiani nimekutana na kaka yake.