Picha ya Ng'ombe wa Mama Fagio

Kuna usafi, halafu kuna usafi wa Mama Fagio. Mama huyu alifagia uwanja, akafagia njia ya shambani, na mgeni akisimama sana alifagiwa hata yeye. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na wiki hiyo ng'ombe akaanza kuchechemea na kukataa majani. Akifa yule, wajukuu watano watakunywa nini? Roho ilimuuma Mama Fagio.

Daktari wa mifugo alikuwa mmoja kwa vijiji kumi na viwili, na pikipiki yake ilikuwa mgonjwa kuliko ng'ombe wote. Basi ukaletwa utaratibu mpya: mpige mnyama picha kwa simu, umtumie daktari, atakujibu. Simu ya picha alikuwa nayo mkamwana wa Mama Fagio.

"Mama, nimpige sasa hivi?"

"Hivyo alivyo? Una akili wewe?"

Jamani, nani huenda kupigwa picha na matope miguuni? Mama Fagio akamwogesha ng'ombe kwa sabuni, akamtoa tongotongo, akampaka mafuta, na kwato zote nne akazipaka rangi ya viatu mpaka zikang'aa. Picha ikaenda. Daktari akajibu: "Hongera mama, ng'ombe mzuri sana. Tatizo ni nini?"

Kesho yake ng'ombe hakuinuka. Mama Fagio alikaa kando yake na ndoo tupu, akalia. Mkamwana, mpole miaka sita yote ya ndoa, akaona sasa yatosha. Akaleta brashi na maji, akaisugua ile rangi. Ukwato mmoja wa nyuma ulikuwa umeoza, unatoa usaha.

"Mama, uniwie radhi," akasema, akatoa simu.

"Utamwaibisha mwenzio," mama mkwe akanung'unika, lakini aliushika ule mguu usitikisike.

Daktari alijibu kabla chai haijapoa, akaeleza dawa gani inunuliwe na kidonda kisafishwe vipi. Baada ya wiki moja ng'ombe alisimama, maziwa yakarudi. Mama Fagio akaomba apigiwe daktari.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Ile picha ya pili ifute."

"Nimeshaifuta, mama. Ile ya kwanza nimeitunza."

Kweli aliitunza. Mwezi uliofuata simu za wafugaji wote zilipokea somo: "Ng'ombe mwenye afya huwa hivi." Alikuwa yule yule, kwato zikimetameta. Tangu hapo duka la kijiji haliishi kuishiwa rangi ya viatu, na mkamwana hupita zizi kwa zizi na brashi yake, akisugua kwanza, ndipo apige picha.