Neno Lililohama Kisanduku

Pale Bikenibeu, kijiji cha visiwani kwetu, hakuna aliyetafsiri matangazo ya afya kwa Kikiribati kizuri kuliko Nei Taabeta, wala hakuna aliyeichukia kibodi kama yeye. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kazi yake yote aliifanya kwa kipanya. Akitaka kufuta neno moja, alilinyemelea, akalikosa, akarudi, akasonya. Programu yetu ya kutafsiria ina visanduku viwili viwili, Kiingereza kushoto, Kikiribati kulia. Kabla hajashuka kisanduku kimoja, wewe ungekwisha kumaliza kula kipande kizima cha babai, gimbi letu la kinamasi.

Meza ya pili alikaa shemeji yake, Ten Ioteba, mdogo wa mumewe. Kwetu Nei ni Bi, na Ten ni Bwana. Huyo kipanya alikigeuza kizuizi cha karatasi zisipeperuke.

"Shemeji," alimwambia, "bonyeza Kontroli na mshale, unaruka neno zima. Ukiongeza Shifti, unalikamata."

"Nilikamate limeiba nini?"

"Limeiba asubuhi yako yote."

Wiki moja panya wa kweli wakatafuna waya wa kipanya chake. Kuazima cha Ioteba hakutaka, na kipya kingekuja kwa ndege. Huku muuguzi alitaka tangazo lake lisomwe Jumamosi kwenye maneaba, nyumba yetu ya mikutano. Nei Taabeta aliitazama skrini kama mtu aliyerukwa chakula karamuni. Mwishowe akasema bila kugeuka, "Haya, nifundishe. Ila ukicheka, kaka yako atasikia."

Akafundishwa. Kontroli na X kukata, Kontroli na V kubandika. Kontroli na Ingiza kuipitisha sentensi na kushuka kwenye inayofuata. Kontroli na Z kufuta kosa ulilolifanya sasa hivi. Hiyo ya mwisho alisikitika kwamba hakuijua kabla ya kuolewa kwenye ukoo ule.

Siku ya tatu alikuwa mtu mwingine. Wageni walipoingia aliwaita waje waone. Alikamata neno, akalikata, akalibandika chini, akalirudisha juu, akalishusha tena, vidole vikiruka kama kamba wa baharini kwenye sufuria ya moto. Ioteba akampigia makofi. Akina mama waliofuata vipeperushi wakasahau vipeperushi.

Jumamosi maneaba ilijaa. Muuguzi, Nei Rereao, binti aliyeanza kazi juzijuzi, akasimama na karatasi yake, akasoma kwa sauti safi: "Kunyweni maji ya kisima bila kuyachemsha. Watoto msiwalete kupimwa uzito."

Mzee mmoja akasema, "Kumbe mimi naishi kitaalamu, na mke wangu ananigombeza bure."

Nei Taabeta alihisi masikio yanamwaka. Alijua palepale. Lile neno letu la kukataza, tai, alilolichezesha mbele ya wageni, lilibaki kisanduku cha chini, naye akaipitisha sentensi kwa madaha bila kuisoma tena.

Akasimama. "Nei Rereao amesoma kilichoandikwa. Aliyeandika ni mimi. Maji yachemsheni, watoto waleteni."

"Una hakika?" mzee akauliza. "Maana kuni zenyewe ni za kutafuta."

"Nina hakika."

Ioteba naye akainuka kutoka nyuma, akikuna kichwa. "Na mimi nilikuwepo, nikipiga makofi."

Hapo ndipo watu walipocheka, mpaka Nei Rereao akaketi chini na kujifunika uso kwa karatasi. Nei Taabeta alivumilia kidogo, kisha mabega yakaanza kumtikisika naye.

Jumatatu kliniki ilifurika watoto kuliko siku zote. Akina mama walikuja wakiulizana kwa furaha kama leo inaruhusiwa. Kule ofisini Nei Taabeta hakupunguza mwendo wa vidole. Ila tangazo likiisha, alimsomea shemeji yake kwa sauti, neno kwa neno, naye Ioteba alilazimika kuacha chai yake ipoe na kusikiliza.