Siku Kompyuta ya Mwalimu Ilipohesabu Hadi Mwisho

Nimerudi Bukoba wiki hii, baada ya kuzunguka miji ambayo hata majina yake nimeanza kuyachanganya, na nimefikia kwa kaka yangu, mtaa wa Kahororo. Jana asubuhi binti yake aliniita mezani. "Shangazi, hebu njoo uone maajabu." Alikuwa ameongeza kipande cha pili cha memori kwenye kompyuta yake, ili imudu picha za harusi anazopiga. Kioo kiliandika kwamba memori iliyomo ni giga nane, lakini inayotumika ni nne tu. "Sasa nusu imekwenda wapi?" akauliza. Nikacheka mpaka akakasirika. Sikumcheka yeye, rafiki yangu. Nilikuwa nimesikia harufu ya utomvu wa ndizi.

Ngoja nikueleze. Nililelewa na bibi kule Muleba, upande wa Rubya, kwenye kibanja, shamba la nyumbani, ambacho migomba yake ilisimama karibu na nyumba kiasi kwamba mvua ikinyesha tulisikia majani kabla ya bati. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kumenya bitoke, ndizi za kupika: beseni la maji, kisu kifupi, maganda yakilundikana kwa ajili ya ng'ombe, maharage yakitokota jikoni. Kabla ya kumenya unatakiwa upake vidole samli, utomvu usigande. Mimi nilikuwa na haraka siku zote, hasa Jumamosi.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa na kompyuta, ya pekee tuliyoijua. Aliifunika kitambaa cha kufuma, kama redio. Jumamosi saa nne aliwasha jenereta, na sisi watoto watatu tulipokezana kujifunza kuchapa. Niliisubiri saa hiyo wiki nzima.

Siku moja mwanawe alimtumia kipande cha memori kutoka Mwanza, akisema mashine itapata nguvu mara mbili. Mwalimu akatukagua vidole, akachagua vyangu kwa wembamba wake. Nikakishika kile kipande kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu, nikakisukuma mpaka kikakaa. Akawasha. Enzi hizo kompyuta ilihesabu memori mbele ya macho yako, namba nyeupe zikikimbia kwenye kioo cheusi. Zikakimbia, zikafika elfu kumi na sita na ushee, zikasimama palepale zilipozoea kusimama. Tukakitoa, tukakirudisha. Elfu kumi na sita.

"Umekiua," mwalimu akasema. "Jumamosi ijayo usije."

Nililia njia nzima. Bibi hakuuliza kompyuta ni kitu gani. "Lete mikono," akasema. Akaigeuza. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi. "Ulipaka samli?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi hukuua kitu, mwana wange. Umekipaka utomvu. Huo hautoki kwa maji, unakwanguliwa."

Kesho yake, tulipotoka misani, bibi akakata mkungu wa ndizi, maana kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu. Akajitwisha, tukaenda, akamweleza mwalimu habari ya utomvu.

"Waitu mama," mwalimu akamwambia kwa heshima, "hii ni mashine, si sufuria."

"Na utomvu ni utomvu. Hebu angalia."

Mwalimu akakichomoa kile kipande, akakiinua dirishani. Kwenye yale meno ya dhahabu alama za vidole vyangu zilionekana wazi, za kahawia, zimegandamana. Akaanza kucheka yeye mwenyewe. Akachukua ufutio mezani, akasugua polepole, akapuliza vumbi lake. "Rudisha mwenyewe. Shika pembeni, safari hii."

Akawasha jenereta, Jumapili! Namba zikaanza kukimbia. Elfu kumi. Kumi na tano. Kumi na sita.

"Inapita!" mwalimu akapiga kelele. "Inapita!"

Bibi akapiga vigelegele bila kujua tunashangilia nini, na hakukoma mpaka elfu thelathini na mbili. Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kwenye kile kiti.

Juzi nilipita kule. Bibi na mwalimu hawapo tena. Ugonjwa wa mnyauko umemaliza migomba, wamepanda mahindi, na mvua iliponikuta pale bati ndilo lililosikika kwanza.

Kwa hiyo jana nilimwambia binti wa kaka, "Nipe ufutio."

"Shangazi, kuna video za hayo mambo."

"Nipe ufutio, mama."

Memori aliyonunua ilikuwa ya mtumba, meno yake yamefifia kwa jasho la vidole nisivyovijua. Nikaichomoa, nikasugua, nikapuliza, nikaishika pembeni, nikairudisha. Akawasha. Nikasogeza uso karibu na kioo kungoja namba. Hazikuja. Mashine za siku hizi huhesabu kimyakimya. Ikatokea tu picha ya ziwa, akabonyeza mara mbili tatu, akasoma: giga nane, zote zinatumika.

"Imekubali," akasema, akarudi kwenye maharusi wake.

Basi tu? Nikasimama katikati ya sebule, nikapiga vigelegele.

"Shangazi! Majirani watasikia!"

Nikavuta pumzi, nikaongeza sauti.