Siku Tatu za Maji na Kibuyu cha Kogo

Mwanangu, hebu weka hiyo chupa ya maji chini unisikilize. Dada yako ameniambia hii ni siku ya pili hujatia kitu tumboni. Usimkasirikie. Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo imekataa kunitoka kichwani, na leo nitakusimulia, hata kama nitalia mbele yako.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa kiangazi, wiki mbili kabla ya harusi yangu. Nilikuwa kwetu, hapa Roret, na nilikuwa mnene, sikufichi. Gauni la harusi nililoazima kwa binamu yangu lilikataa kufunga zipu. Rafiki yangu wa saluni akanipa dawa yake: kunywa maji matupu siku tatu, usile chochote, utaona. Nikakubali, mjinga mimi. Sikumwambia mama wala sikumwuliza daktari. Asubuhi nilibeba kikapu nikaenda kuchuna chai na wengine, tumbo likinguruma mpaka wakanicheka.

Siku ya pili akafika nyanya, mamake mama. Kogo, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya. Alitoka Chebunyo na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mgongoni, amekifunga kwa leso. Mwaka ule nyasi za kwao zilikuwa zimekauka, ni ng'ombe mmoja tu aliyekuwa akitoa maziwa. Kogo alijinyima, akakusanya kikombe kwa kikombe, akayagandisha ndani ya kibuyu alichokisugua kwa mkaa. Yalikuwa ya bibi harusi. Kwetu, nyanya akikuletea mursik ya harusi, unakunywa akikuangalia, naye anakubariki papo hapo. Na kwa mursik, Kogo hakuwa na mwenzake. Watu walimtafuta kila penye sherehe.

"Kunywa, mama," akaniambia.

"Nimeshiba, Kogo. Weka, nitakunywa baadaye."

Nimeshiba! Mtu ambaye hakuwa ameonja hata tonge la ugali tangu jana yake. Kogo akatabasamu, akaenda kuwasalimia majirani. Nami nikabaki na kibuyu, nikiogopa akirudi atanikazania. Nikimwaga kikombe kimoja, atanimiminia kingine. Basi nikaenda nyuma ya jiko nikamwaga yote.

Kumbe alirudi kwa njia ya nyuma. Akayakuta maziwa kwenye udongo, kuku wakiyadonoa. Akachutama, akayagusa kwa kidole.

"Yalikuwa na harufu?" akauliza polepole. "Macho yangu siku hizi yana ukungu. Pengine sikukiosha kibuyu vizuri."

Ningesema neno moja tu, nimefunga, mambo yakaisha. Lakini niliuonea haya mwili wangu, na njaa ilikuwa imenifanya mkali. Nikasema, "Ndiyo, Kogo. Yalikuwa yameharibika."

Hakunigombeza. Aliomba maji, akaosha kibuyu, akakinusa, akakiosha tena. Halafu akaniomba msamaha. Mwanangu, nyanya yangu aliniomba msamaha mimi! Asubuhi yake akarudi kwake.

Siku hiyo hiyo nilizirai katikati ya chai, majani yakamwagika, wakanibeba hadi nyumbani. Mama akaninywesha uji kwa kijiko huku akinigombeza, nikamwambia ukweli wote isipokuwa ule wa maziwa. Na gauni? Fundi wa pale sokoni alifumua mshono pande mbili, akatia kitambaa, likanitosha. Hata chai aliyokuwa akinywa haikupoa.

Kogo hakuja harusini. Alituma salamu kwamba miguu inamsumbua. Nikajiambia nitaenda nimweleze. Mara ndoa, mara chai, mara mimba ya dada yako, nikaahirisha na kuahirisha. Mvua ilipoanza kunyesha, Kogo akafa.

Siku ya mazishi, mke wa mjomba alinipa kile kibuyu, kimekauka. "Tangu atoke kwenu hakutengeneza mursik tena," akasema. "Tulimbembeleza, akakataa. Alisema mikono yake imeharibika, asije akawalisha watu uchafu."

Nililia mpaka watu wakasema huyu ndiye aliyempenda Kogo kuliko sisi wote. Sikuwaambia nilichokuwa nikikililia. Wewe ndiwe wa kwanza kusikia.

Basi sikukatazi kupungua. Mwili ni wako. Ila usijitese kwa siri, na usifuate maneno ya saluni. Kesho twende zahanati tumwulize daktari, mimi na wewe. Na mtu akikupa chakula cha mikono yake nawe usiweze kula, mwambie ukweli, hata kama ni wa aibu. Aibu yako utaizoea. Usimwachie mwenzako abebe kosa ambalo si lake, kwa sababu hujui atalibeba mpaka wapi.

Kibuyu chenyewe ni kile pale kwenye msumari. Nimekisugua, nimetia maziwa ya ng'ombe wetu. Sikulazimishi kunywa leo. Mungu akupe afya, akupe mdomo wa kusema kweli mapema, na wale wanaokupenda akuwekee muda wa kutosha wa kuwaambia. Naye Kogo, huko aliko, anisikie mbele yako, mwanangu: maziwa yake yalikuwa mazuri.